Chumvi Iliyoyapindua Maji ya Magadi

Mwaka 1911 iliundwa kampuni ya Kiingereza ya kuchimba kitu ambacho wapishi wa Afrika Mashariki walikuwa wakikinunua sokoni kwa mafungu. Kampuni iliitwa Magadi Soda Company, na ziwa lenyewe ni Magadi, kusini mwa Kenya, chini kabisa katika Bonde la Ufa, kiasi cha kilomita mia moja kutoka Nairobi. Wenye mtaji walikuwa wakiwaza viwanda vya vioo na sabuni. Mpishi alitaka maharage yaive upesi na kisamvu kilainike. Msaga ugoro alitaka tumbaku yake ishike. Kila mmoja alikuwa na haja yake, lakini wote walitegemea tabia moja ya ile chumvi: ikiyeyuka, huyaondolea maji uchachu na kuyapeleka upande wa pili, upande wa alkali.

Si kila chumvi hufanya hivyo. Tia chumvi ya mezani katika maji safi, hata kijiko kizima, na maji hayasogei kwenda kwenye asidi wala kwenye alkali. Yamepata ladha tu. Tia magadi, na maji yatateleza vidoleni kama yenye sabuni. Tia shabu, ile wanayotumbukiza watu katika ndoo ya maji ya mto ili tope litulie, na maji yatakuwa chachu. Zote tatu ni nyeupe, zote huyeyuka, na wanakemia huziita zote chumvi. Wataalamu wa Ulaya walihitaji zaidi ya miaka mia mbili kulieleza jambo hili likaeleweka.

Mwaka 1664 Robert Boyle, huko Uingereza, alichapisha kitabu kuhusu rangi. Humo alieleza jinsi sharubati ya maua ya vayoleti inavyogeuka nyekundu ikikutana na asidi, na kijani ikikutana na alkali. Huku kwetu hatuna haja ya vayoleti. Chemsha rozela, ambayo wengine huiita choya, ichuje, iache ipoe, kisha igawe katika glasi tatu. Ya kwanza ikamulie ndimu, na wekundu utang'aa zaidi. Ya pili itie chumvi ya mezani. Hutaona mabadiliko ya maana. Ya tatu itie magadi kidogo kidogo huku ukikoroga. Kwanza vitapanda vipovu, kwa kuwa rozela yenyewe ni chachu na magadi yanapambana na uchachu huo. Kisha wekundu utaingia zambarau, utakuwa bluu iliyochafuka, na ukizidisha magadi utaishia kwenye kijani kibichi. Bizari ya manjano nayo hutoa siri hiyohiyo: doa lake likipakwa maji ya magadi huwa jekundu kama tofali.

Jambo lililowasumbua wanakemia wa karne ya 18 ni kwamba mageuko haya ya rangi yalipingana na ufahamu wao wenyewe. Mfaransa Guillaume-François Rouelle alikuwa amefundisha, katika maandishi yake ya mwaka 1754, kwamba chumvi huzaliwa asidi inapoungana na besi. Wazazi wawili wamepatana, ugomvi umekwisha. Iweje basi magadi, ambayo ni chumvi halali kwa maana hiyo, yageuze rangi ya ua kana kwamba alkali haijapata mwenziwe?

Jibu lilianza kuonekana Uppsala, Sweden, mwaka 1884. Svante Arrhenius, kijana wa miaka 25, aliwasilisha tasnifu kuhusu umeme unavyopita katika maji yenye chumvi, na miaka mitatu baadaye akaisema hoja yake waziwazi: chumvi ikiyeyuka hugawanyika vipande vyenye chaji ya umeme, yaani ayoni, na kila ayoni hufanya mambo yake majini. Watahini wa Uppsala hawakuvutiwa na tasnifu ile. Walimpitisha kwa alama ya chini. Mwaka 1903 alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi hiyohiyo.

Ukiifuata hoja ya Arrhenius, fumbo la chumvi tatu linafumbuka. Maji yenyewe hujigawa kidogo sana, yakatoa ayoni za hidrojeni na za hidroksidi kwa idadi sawa. Hidrojeni ikizidi, maji ni asidi. Hidroksidi ikizidi, ni alkali. Chumvi ya mezani imetokana na asidi yenye nguvu na besi yenye nguvu, kwa hiyo sodiamu na kloridi zake zikishafika majini hazina haja na hidrojeni ya mtu. Magadi yametokana na besi yenye nguvu na asidi dhaifu, asidi ya kaboni, ambayo ndiyo hiyo iliyomo katika soda ya chupa. Asidi dhaifu ni ile isiyopenda kuachia hidrojeni yake. Kaboneti ikijikuta majini bila hidrojeni huinyang'anya kutoka kwa maji, na hidroksidi zinabaki nyingi. Shabu iko kinyume: aluminiamu yake huyabana maji yanayoizunguka mpaka yanaachia hidrojeni. Ndiyo sababu mitambo mingi ya kusafisha maji inayotumia shabu huweka na chokaa karibu, ya kurudisha maji mahali pake.

Kilichokosekana ni kipimo. Hicho kilitoka katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg, Copenhagen, mwaka 1909, miaka miwili tu kabla ya kampuni ya Magadi kuundwa. Søren Sørensen alikuwa akichunguza vimeng'enya, ambavyo kazi yake hubadilika uasidi ukisogea hata kidogo, akachoka kuandika sehemu ndogondogo za ayoni kwa tarakimu ndefu. Akabuni mizani ya pH. Saba ni katikati. Chini ya hapo ni asidi, juu yake ni alkali, na kila hatua moja ni mara kumi. Kwa mizani hiyo maji ya Magadi husoma karibu 10, maana yake yana ayoni za hidrojeni zipatazo moja kwa elfu ya zile za maji safi. Maji ya bahari yetu husoma kama 8.1. Nayo Bahari ya Chumvi inayopakana na Yordani, yenye chumvi karibu mara kumi ya bahari ya kawaida, husoma kama 6, yaani imeegemea upande wa asidi. Kwa hiyo wingi wa chumvi hautoshi kukwambia maji ni asidi au alkali. Lazima uulize ni chumvi gani.

Na Magadi ilipataje chumvi ya aina ile? Yote huanza na mvua, na mvua ni chachu kidogo. Ikishuka huokota kabonidayoksaidi hewani, ikawa asidi hafifu ya kaboni, pH kama 5.6. Asidi hiyo huanguka juu ya miamba ya volkano ya Bonde la Ufa, yenye sodiamu nyingi, na kuila polepole sana. Mwamba humeza hidrojeni ya mvua na kuachia sodiamu. Kinachobaki majini ni sodiamu na bikaboneti. Mpaka hapo maji bado yananyweka, na mito mingi ya nyanda za juu iko hivyo.

Kisa kinageuka maji yakifika mahali pasipo na njia ya kutoka. Magadi iko kwenye mita 600 hivi kutoka usawa wa bahari, zaidi ya kilomita moja chini ya Nairobi, na jua lake halina huruma. Maji hupanda kama mvuke, chumvi hubaki. Kalisi ndiyo hukata tamaa kwanza: huungana na kaboneti, ikatuama kama chokaa. Hapa ndipo njia mbili zinapoachana. Kama kalisi ingekuwa nyingi kuliko kaboneti, kaboneti ingemalizwa, na ziwa lingeishia na chumvi nyingine, mfano wa Bahari ya Chumvi. Katika miamba ya Magadi kalisi ni chache. Inaisha, kaboneti inabaki, na kadiri jua linavyoendelea kuyapunguza maji, ndivyo yanavyozidi kuwa alkali. Mwaka 1967 Wamarekani Robert Garrels na Fred Mackenzie walichukua takwimu za maji ya chemchemi za milima ya Sierra Nevada, maji matamu kabisa, wakakokotoa yangekuwaje yakikaushwa hatua kwa hatua. Hesabu iliwafikisha kwenye maji ya magadi.

Mwaka huohuo mwanajiolojia Hans Eugster alitangaza kwamba katika matope ya kale ya Magadi kuna madini ambayo hayakuwahi kuandikwa popote, akayaita magadiiti, na mengine akayaita kenyaiti. Ni madini ya silika na sodiamu. Silika, asili ya mchanga na jiwe la gumegume, huyeyuka vibaya katika maji ya kawaida, lakini katika maji yenye alkali kali huyeyuka kwa wingi. Kwa hiyo ziwa lile liliweza kubeba jiwe ndani ya maji na kulitua tena kwa umbo jingine.

Wamaasai walilijua ziwa hilo na magadi yake kabla ya yote haya, na mifugo yao ililamba chumvi ya bonde lile. Watu wa pwani nao hawakuwa gizani. Sadi bin Ahedi, msafiri wa misafara, alimsimulia mmisionari Thomas Wakefield wa Ribe njia za kutoka pwani kupita nchi ya Wamaasai kuelekea Ziwa Nyanza, na masimulizi hayo yakachapishwa London mwaka 1870. Daktari Mjerumani Gustav Fischer, aliyepita bonde hilo mwaka 1883 akitokea Pangani, alikanyaga njia zilizokwisha kukanyagwa na Waswahili. Nalitaja hili kwa sababu simulizi nyingi za Magadi hupenda kuanza na Mzungu mwenye kofia na ramani.

Kampuni ilipokuja, ardhi ilikuwa tayari imo katika mikataba. Wamaasai walikuwa wamewekeana mkataba na Waingereza mwaka 1904, na ukaja mwingine wa 1911 uliowahamisha kutoka Laikipia kwenda kusini. Baadhi yao walikwenda mahakamani. Mwaka 1913 kesi ilitupwa kwa hoja kwamba mikataba ile ilikuwa kati ya Taji la Uingereza na taifa jingine, kwa hiyo mahakama ya koloni haikuwa na uwezo wa kuiangalia. Taifa la kigeni ndani ya nchi yake lenyewe! Kwa hoja ya ajabu namna hiyo, wenye ardhi walibaki bila mlango wa kugonga.

Biashara yenyewe haikuwa nyepesi. Ilibidi kujengwa reli ya peke yake, kutoka Konza kwenye reli ya Uganda hadi ziwani, karibu kilomita 150 za mteremko na joto. Maji ya kunywa yaliletwa kwa bomba kutoka mbali, maana mji ulizungukwa na maji yasiyoweza kunyweka. Katikati ya kazi vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia. Na uchimbaji ulikuwa na namna yake: ziwa kwa sehemu kubwa ya mwaka si maji bali ukoko mgumu wa trona, mchanganyiko wa kaboneti na bikaboneti ya sodiamu, mweupe na mahali pengine wa waridi kwa sababu ya vijidudu vinavyopenda chumvi. Mashine inayoelea huuvunja ukoko huo na kuuvuta juu. Trona husagwa, huoshwa, kisha huchomwa katika tanuri. Kabonidayoksaidi na mvuke hutoka, unabaki unga mweupe wa magadi soda. Unga huo hupanda treni hadi Mombasa, na kutoka hapo huenda viwandani, ambako hupunguza joto la kuyeyusha mchanga uwe kioo.

Mshindani wake hakuwa ziwa jingine. Ulaya ilikuwa imekwisha kujifunza kutengeneza magadi soda kutokana na chumvi ya mezani. Njia ya Mfaransa Nicolas Leblanc, ya mwaka 1791, ilifanya kazi hiyo lakini ikamwaga angani gesi ya asidi ya hidrokloriki iliyounguza miti na mashamba, mpaka Bunge la Uingereza likatunga sheria ya kuizuia mwaka 1863. Ikafuata njia ya Mbelgiji Ernest Solvay, safi na rahisi zaidi, na mwaka 1873 John Brunner na Ludwig Mond wakaanzisha kampuni ya kuitumia huko Cheshire. Jua la Afrika lilifanya kazi yake bure, lakini reli na meli havikuwa bure. Mwaka 1924 kampuni ya Magadi ilikuwa imeelemewa, na aliyeichukua ni Brunner Mond, mshindani mwenyewe. Miaka miwili baadaye Brunner Mond ikaingia katika ICI, muungano wa kampuni za kemikali za Uingereza. Baada ya mabadiliko mengine ya umiliki, Tata ya India ndiyo iliyokuja kuishika, mwaka 2005.

Wakati kampuni zikibadilishana hati, ndani ya ziwa kulikuwa na mkazi aliyekwisha kulimaliza tatizo la alkali bila maabara. Ni samaki mdogo wa jamii ya perege, Alcolapia grahami, anayeishi katika vidimbwi vya chemchemi za majimoto kandokando ya Magadi, mahali joto linapopita nyuzi 40. Zamani, hali ya hewa ilipokuwa na mvua nyingi zaidi, Magadi na jirani yake wa kusini, Natron, zilikuwa ziwa moja pana. Maji yalipopungua, samaki walibanwa kwenye mabaki yake. Samaki wa kawaida hutoa taka ya naitrojeni kupitia matamvua kama amonia, na maji ya nje huidaka amonia hiyo kwa hidrojeni yake. Katika pH ya 10 hidrojeni ya kuidaka haipo. Amonia ingebaki mwilini na kumuua. Mwaka 1989 David Randall, Chris Wood na wenzao walionyesha kwamba samaki wa Magadi hutoa taka yake yote ya naitrojeni kama yurea, kwa namna ya wanyama wa nchi kavu. Nadhani huyu ndiye mwanakemia bora kuliko wote waliotajwa hapa.

Kusini, ng'ambo ya mpaka, Ziwa Natron la Tanzania lina maji ya namna hiyohiyo, na mara nyingine makali zaidi. Hapo ndipo heroe wadogo wa Afrika Mashariki huzalia, juu ya matope yenye magadi ambayo fisi na mbweha hawathubutu kuyavuka. Juu yake umesimama Ol Doinyo Lengai. Mwaka 1960 J. B. Dawson alishuka katika kasoko yake na kukuta lava isiyofanana na nyingine inayotoka duniani leo: kaboneti ya sodiamu iliyoyeyuka, ya nyuzi 500 na ushee, nusu ya joto la lava ya kawaida, nyeusi ikitoka na nyeupe baada ya kunywa unyevu wa hewa.

Kati ya 2006 na 2008 kulikuwa na mpango wa Tata pamoja na Shirika la Maendeleo la Taifa la Tanzania kujenga kiwanda Natron cha kutoa tani 500,000 za magadi soda kwa mwaka. Watetezi wa heroe walipinga, wakikumbusha kuwa bonde hilo limo katika orodha ya Ramsar, ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, tangu 2001, na mwaka 2008 Tata ikajitoa. Macho ya shirika yakageukia Engaruka, wilayani Monduli, ambako magadi yako chini ya ardhi. Kwa maoni yangu huo ulikuwa uamuzi wa busara: mtaji waweza kuhamishwa, heroe hawana pa kwenda.

Lakini ukitaka kujua alkali ya bonde imemgusa nani zaidi, tazama meno. Katika sehemu za Arusha, Meru na vijiji vingi vya kaskazini mwa Tanzania, watu wazima na watoto wana meno yenye madoa ya kahawia. Watu wa nje huwadhania kwamba hawapigi mswaki. Sababu ni floraidi, na floraidi ni sehemu ya hadithi hiihii. Miamba ya volkano huitoa. Kalisi, kama ingekuwepo, ingeikamata na kuituliza chini. Kalisi ikishaondoka kama chokaa katika maji ya alkali, floraidi hubaki majini bila wa kuizuia. Madoa kama hayo yalimshangaza daktari wa meno Frederick McKay kule Colorado mwaka 1901, na ilipofika 1931 ndipo mwanakemia H. V. Churchill alipogundua kuwa ni floraidi ya maji.

Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania, kwa kujua hali ya visima vyake, iliwahi kuvumilia hadi 4. Katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, karibu na Maji ya Chai, wataalamu wa wizara ya maji wamefanya kazi ya kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na mkaa huo hufanya kazi, mradi ubadilishwe unapochoka. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba magadi ya kupikia yenyewe hubeba floraidi. Watafiti wamewakuta watoto wenye meno yaliyoharibika hata katika vijiji ambavyo maji yake hayana floraidi nyingi, kwa sababu ya chungu cha nyumbani.

Kwa hiyo mama, au yeyote mwenye mtoto ambaye meno yake ya ukubwani hayajamaliza kuota, chakula cha mtoto huyo kipikwe bila magadi. Maharage yaloweke usiku kucha, yataiva. Na mwenye kuchimba kisima Meru, Hai, Monduli au Kajiado, asiridhike kwa kuwa maji ni maangavu na hayana uchachu. Apeleke chupa moja katika maabara ya maji iliyo karibu, apimiwe floraidi kabla ya kufunga pampu. Kuyachemsha hakusaidii: maji yakipungua sufuriani, floraidi iliyomo huzidi kukolea.